Mstari wa Saba

Kwa miaka mitatu na ushei niliweka cherehani yangu kwenye baraza ya mkahawa wa Wasomali kule Biryogo, mtaa wa Kigali, na siasa za Somalia nilizijua kupitia meza. Sikuwa na haja ya kuzijua. Za kwetu Rwanda zilinitosha na nyingine zilibaki.

Mwenye mkahawa alikuwa mama wa Kisomali, mjane, mwenye sauti ya kuweza kurudisha lori nyuma bila dereva kuangalia kioo. Alinipa baraza bure kwa sharti kwamba nimshonee mapazia na niwatengenezee madereva suruali zao, ambazo kwa kukaliwa wiki nzima njiani zilichanika zote mahali pamoja. Madereva walileta mafuta kutoka Mombasa. Vita vilipoanza kwetu kaskazini, mwishoni mwa mwaka tisini, njia ya Uganda ilifungwa, wakawa wanazunguka Tanzania. Safari ikawa ndefu zaidi na suruali zikawa nyingi zaidi. Hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata katika vita vile.

Ndani mlikuwa na meza moja tu, ndefu, ya kutosha watu ishirini. Walikaa wote pamoja, wakala tambi na ndizi mbivu kwenye sahani moja, jambo ambalo majirani zangu walikuja kulitazama dirishani kwa huruma. Saa kumi na moja jioni Mama alipandisha sauti ya redio, idhaa ya Kisomali kutoka ng'ambo, na wote wakanyamaza. Sijapata kuwaona Wasomali ishirini wamenyamaza kwa sababu nyingine yoyote.

Mwanzoni mwa mwaka tisini na moja redio ilisema serikali yao imeanguka na mkubwa wao amekimbia na kifaru. Walikumbatiana. Mama alichinja mbuzi, nami nikapewa mguu mzima, na kwa siku mbili nilifikiri Wasomali ndio watu wenye furaha kuliko wote. Siku ya tatu wakaanza kujadili ni watu wa kabila gani walioiangusha serikali hiyo, na ni wa kabila gani waliokuwa wakiila. Siku ya sita Mama alimwita fundi seremala aliyemtengenezea ile meza, Mnyarwanda wa Gisozi, mtu mpole mwenye penseli sikioni.

"Ikate," Mama alisema, akaonyesha katikati kwa kisu cha jikoni.

"Mama, hii meza iko mzima. Iko na shida gani?"

"Meza haina shida. Kata hapa."

Aliikata, kisha akarudi kesho yake na miguu minne mipya, kwa kuwa kila upande ulitaka kusimama wenyewe. Miezi michache baadaye watu wa kaskazini walijitangazia nchi yao wenyewe huko Hargeisa, na madereva watatu wa kaskazini wakamwomba Mama, kwa heshima kabisa, sehemu yao. Seremala akaja tena. Mwisho wa mwaka ule, wale waliouteka mji mkuu, ambao wote walikuwa kabila moja na wanakaa kipande kimoja, walianza kupigana wao kwa wao mjini Mogadishu. Safari hiyo hakuna aliyemwita seremala. Alisikia mwenyewe kwenye redio yake ya Kiswahili, akatokea asubuhi.

"Nasikia Mogadishu iko inapigana," akasema. "Nimereta msumeno."

Kipande cha mwisho kilikuwa kidogo, kama cha kuwekea mtungi. Walikaa wawili, na hao wawili hawakuwa wanaelewana sana.

Siku meza ilipokatwa mara ya kwanza, mtu mmoja alibaki amesimama katikati ya chumba na sahani yake mkononi. Huyo alikuwa karani wa kampuni ya malori, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, wa tai kila siku. Kazi yake ilikuwa kukagua karatasi za mizigo kule kwenye maghala ya forodha, Gikondo. Kwao alikuwa amefundisha shule miaka mingi, kwa hiyo kila mtu alimwita Mwalimu. Alikuwa na mashati mawili tu, na kola za yote mawili nilikuwa nimezigeuza upande wa pili mimi mwenyewe.

"Mwalimu, wewe wapi?" madereva wakamuuliza.

"Mimi Msomali."

"Sisi zote Wasomali. Kabila?"

"Mimi nimejibu."

Wakamngoja. Tambi zikapoa. Mwishowe akatoka nje na sahani yake, akavuta kigoda, akaiweka sahani juu ya cherehani yangu, karibu na gauni la watu. Nilimwambia mchuzi ukidondoka atalivaa mwenyewe. Alikula taratibu, hakudondosha hata tone, na kuanzia siku hiyo alikula hapo kila siku. Nikawa napata siasa za Somalia toka pande zote mbili za dirisha.

Alinieleza kwamba ujanani mwake, baada ya wanajeshi kushika nchi, waliuzika ukabila. Hakuwa anasema kwa mafumbo. Walitengeneza jeneza, wakaandamana nalo, wakalifukia, na yeye alikuwa mmoja wa wabebaji, upande wa kushoto, mbele. Tangu siku hiyo ikawa ni kosa kumuuliza mtu kabila lake.

"Mlichimba kina gani?" nilimuuliza.

Alifikiri kwa makini, kwa kuwa maswali yote aliyajibu hivyo. "Kidogo," akasema. "Ardhi ya pale ni mawe."

Bendera yao ilikuwa na nyota ya pembe tano, kila pembe sehemu moja wanakoishi Wasomali, na Mwalimu aliamini pembe zote tano, hata zilizokuwa ndani ya nchi za wenzao. Dereva mmoja alikuwa Msomali wa Wajir, mwenye pasipoti ya Kenya na mke Mkikuyu. Mwalimu alimhesabu kama pembe.

"Mwalimu, mimi Mkenya," dereva alimwambia dirishani, akitafuna. "Wewe nyota yako iwache na pembe nne."

"Haisimami na nne."

"Basi ikae chini."

Wale wa kaskazini wakacheka, ingawa nao walikuwa wameondoka na pembe yao. Mwalimu hakucheka. Alikunja kitambaa chake cha mezani, akarudi Gikondo kuhesabu mapipa.

Siku moja aliomba kuona kitambulisho changu. Kwa wasiojua, kitambulisho chetu cha wakati ule kilikuwa na mstari wa kabila, na kwenye mstari huo maneno manne yamepigwa chapa tayari. Karani wa komini, ndiyo wilaya ya kwetu, alikuwa anakata matatu kwa kalamu, linabaki lako. Mwalimu alikishika kama karatasi ya mzigo uliopungua.

"Nani amekata?"

"Karani."

"Yeye amekuuliza?"

"Alimuuliza baba." Babu wa baba yangu alikuja na wafanyabiashara kutoka upande wa Tabora, akaoa hapa, na watoto wake wakaoa hapa pia. Neno la mtu wa namna hiyo halikuwepo kwenye orodha, au lilikuwepo na karani hakulipenda. Alichagua mojawapo, akatuombea baraka, akaita wengine.

"Nyinyi mmerahisishiwa," Mwalimu akasema, akanirudishia. "Kwetu lazima utaje babu ishirini."

Nililiona hilo kuwa jambo la kuchekesha, nikacheka.

Mke wake, mtoto wake wa kiume na binti zake wawili walikuwa Mogadishu. Yeye alikuja Kigali kwa mkataba wa miaka miwili, serikali ikaanguka katikati ya mkataba, na tangu hapo hakuwa na habari yao hata moja. Mkewe alikuwa wa kabila jingine. Walioana kwa makusudi kabisa, alivyosema yeye, kama watu wanaotia saini. Nyumbani kwake kulikuwa na sheria. Mtoto aliyerudi toka shule akiuliza "sisi kabila gani?" alilala bila chakula. Watoto wote watatu walikua hawajui. Alinieleza hayo kwa fahari, na fahari yenyewe ilikuwa ya haki, sina la kuongeza.

Mwaka tisini na mbili lilikuwapo mjini shirika moja linalotafutia watu jamaa zao kwa kusomesha majina redioni. Nilikwenda naye kwa sababu fomu ilikuwa ya Kifaransa, nami Kifaransa nilipigwa nacho shuleni miaka tisa. Mstari wa kwanza jina, wa pili la baba, wa tatu la babu, ukaendelea hivyo hadi wa saba: kabila na ukoo. Nilipofika hapo nikainua kalamu.

"Vuta mstari," akasema.

Nikavuta. Fomu ilirudi baada ya miezi minne na muhuri: maelezo hayatoshi. Safari ya pili alishika kalamu mwenyewe, akaandika kwenye mstari wa saba, kwa mwandiko wa ubaoni, "Msomali". Ilirudi haraka zaidi.

Kijana wa ofisini, Mnyarwanda, alikuwa na adabu. "Mzee, huko Mogadishu jina kama yako iko mingi sana. Redio ikisoma bila kabila, nani atajua ni wewe?"

"Mke wangu atajua."

"Kama anasikiliza. Lakini kama ni jirani ndiye anasikiliza?"

Mwalimu alimshukuru, akachukua kofia yake. Tulipofika barazani akaniambia kwamba kijana yule ana mwandiko mbaya.

Hapo ndipo ilipoanza kuniudhi. Nina hasira za karibu, nilizaliwa nazo, na kumwona mtu anakonda mbele ya cherehani yangu kwa ajili ya mstari mmoja wa fomu kulinikera kuliko wanasiasa wote wa nchi mbili. Nje kwetu nako vyama vilikuwa vimeruhusiwa, na mimi nilikuwa nashona kofia za vyama, Jumatatu za hiki, Alhamisi za kile, na wenye kofia hizo walikuwa wameanza kupigana mawe barabarani. Nilikuwa nimechoka na watu wenye misimamo.

Mwaka tisini na tatu, mwezi sikumbuki, aliniletea kitambaa cha maua ya njano. Alitaka gauni la binti yake mdogo, aliweke kabatini hadi atakapompata.

"Urefu?" nikamuuliza.

Akaweka mkono kiunoni pake. "Hapa." Kisha akakumbuka kwamba huo ulikuwa urefu wa siku aliyoondoka. Mkono ukapanda kidogo, ukasimama, ukashuka, ukapanda tena. Alibaki ameunyoosha hewani kiganja chini, haujui pa kutua.

Nilimfokea. Ninaikumbuka kila sauti ya maneno yale kwa sababu sijawahi kufaulu kuyasahau. Nilimwambia, "Mwalimu, hao watoto si jeneza la kubeba! Andika neno moja uwapate. Neno moja tu, litamuua nani?"

Alikunja kitambaa, akakiacha juu ya cherehani, akaenda zake.

Kesho yake saa sita mchana alikuja na fomu mpya. Alikaa kwenye kigoda, akafumba macho, akaanza. Jina lake, la baba yake, la babu, la baba wa babu, akaendelea kushuka bila kukwama, sauti ikipanda kidogo kama anaimba, nami nikiandika. Mstari wa saba ukajaa, nikageuza karatasi, nikajaza na nyuma. Kwa mtu aliyeuzika ukabila, alikuwa anaikumbuka vizuri sana maiti. Nilimwambia hivyo, akafumbua macho, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Ndani ya mkahawa walikuwa wamenyamaza, na haikuwa saa kumi na moja. Dereva mmoja akatoka nje, akamshika mkono Mwalimu kwa mikono yake miwili, akamwita binamu, akaichukua sahani yake akaipeleka kwenye kipande chao cha meza. Mwalimu alikaa huko siku moja. Siku ya pili alirudi kwangu akasema kule kuna moshi.

Wiki kadhaa baadaye, saa kumi na moja jioni, redio ilisoma orodha ya wanaotafutwa. Tulisikia jina lake na majina ya babu zake yote kama nilivyoyaandika, kisha kabila, kisha kwamba anamtafuta mke wake fulani binti fulani na watoto wao watatu, wakatajwa mmoja mmoja, na mtaa waliokuwa wakikaa. Vipande vyote vya meza vilipiga makofi. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakauliza nani anaolewa. Mimi, ambaye silii, nililia juu ya gauni la njano, na nilijiona nimefanya jambo kubwa duniani. Nililishona jioni ile ile. Kwa kuwa hatukujua urefu, niliacha pindo la vidole vinne ndani, ili likiwa fupi lishushwe.

Barua ililetwa na dereva kutoka Mombasa mwanzoni mwa mwaka tisini na nne. Mwalimu aliisoma amesimama. Akaisoma tena amekaa. Kisha akaanza kunitafsiria, sentensi kwa sentensi, kama wakati wa imla.

Mkewe aliandika kwamba yeye na binti zake ni wazima, wako kambini Mombasa. Mtaa wao wa Mogadishu ulikuwa umeshikwa na watu wa kabila lake yeye mke. Alikuwa amewaambia watu kwamba watoto ni wa kaka yake, na watoto, ambao hawakuwa wamefundishwa babu wengine, walijifunza hao wa mama na kuwataja vizuri kila walipoulizwa. Waliishi hivyo miaka miwili na nusu, na majirani waliwapa maji. Redio waliisikia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watoto kusikia kabila la baba yao. Majirani nao waliisikia. Siku ya pili watu walikuja wakamchukua mtoto wa kiume, ambaye alikuwa na miaka kumi na tisa, ili wamuulize. Hajarudi. Mke alingoja siku kumi, kisha akawachukua wasichana wakatoka usiku kwa miguu.

"Halafu anasema nini?" nikauliza.

"Anasema sauti ya mtangazaji ilikuwa nzuri."

Nilitaka kumwomba radhi. Yeye akakunja barua kwenye mikunjo yake ileile, akasema, "Babu zangu nimewataja mimi. Wewe ulikuwa unaandika tu." Alisema hivyo kwa upole, na upole ule nimeubeba hadi leo, afadhali angenipiga.

Kabla ya kuondoka alitaka fomu moja zaidi, ya kumtafuta kijana. Tulikwenda pamoja. Nilijaza jina, la baba, la babu, hadi wa sita. Kwenye wa saba nikainua kalamu, nikamtazama. Alikuwa anatazama dirishani. Sikuuliza, na sikuvuta hata mstari. Nilipomkabidhi yule kijana wa ofisini, aliona pengo, akapiga muhuri.

Aliondoka katikati ya mwezi wa tatu na lori la yule dereva wa Wajir, amekaa mbele na tai yake, gauni la njano magotini ndani ya gazeti. Madereva walitoka wote nje kumuaga. Mama alimpa tambi kwenye kopo. Seremala alikuwepo pia, kwa kuwa Mama alikuwa amemwita apime kama vipande vile vinaweza kuunganishwa. Alisema vinaweza, lakini miguu itakuwa mingi mno, watu watajikwaa.

Hazikupita wiki nne. Mwezi wa nne, mauaji yakiwa yameanza kwetu, asubuhi moja nilikuwa kwenye foleni ya kizuizi pale chini ya msikiti, watu wangapi mbele yangu sikuhesabu, kitambulisho mkononi, maneno manne, matatu yamekatwa. Lipi lilibaki, sisemi. Nimeulizwa mara nyingi tangu siku ile, na watu wema pia, wenye kalamu na fomu, na mstari huo nauacha wazi. Aliyekuwa anakagua alikuwa amevaa kofia ya chama niliyoishona mimi. Nilitambua mshono wangu. Alinyoosha mkono, nikampa. Na wakati anasoma, polepole, kwa kuwa hakuwa msomaji mzuri, niliisikia sauti yangu mwenyewe, ya hasira, ya mtu anayejua mambo yote, ikimuuliza Mwalimu litamuua nani.